Wilaya Nane, Mstari Mmoja

Mpwa: R inanichanganya. Nimepanga mavuno ya mahindi kwa wilaya kwa `group_by`, nikaomba wastani kwa `summarise`. Wilaya ziko nane. Nimepewa mstari mmoja. Jana skripti hii hii ilitoa minane.

Shangazi: Tangu jana umebadili nini?

Mpwa: Hesabu sijazigusa. Nimeongeza `library(plyr)` tu, chini ya dplyr.

Shangazi: Basi mchawi ndiye huyo. Vifurushi vyote viwili vina `summarise`. Ukiita jina tupu, R huanza na vitu ulivyounda mwenyewe, kisha kifurushi kilichopakiwa mwisho, halafu hurudi nyuma hadi ilikute. Ni sawa na kumwita Juma kwenye ua wenye akina Juma wawili: huitika aliye karibu. Na `summarise` ya plyr haina habari na makundi ya dplyr, ndiyo maana imechanganya wilaya zote.

Mpwa: Si ingenionya?

Shangazi: Ilikuonya. plyr ikipakiwa baada ya dplyr husema wazi kwamba huenda pakawa na matatizo. Ila salamu za vifurushi na maonyo huja pamoja kwa rangi ile ile nyekundu, nani atayasoma yote?

Mpwa: Nitajuaje aliyeitika?

Shangazi: Andika `summarise` bila mabano, ubonyeze Enter. Chini kabisa utaona jina la kifurushi. `search()` nayo itakuonyesha foleni nzima. Kisha andika `dplyr::summarise`, na plyr uiite vivyo hivyo, bila `library`. Lakini kufuta ule mstari wa `library(plyr)` hakutoshi: plyr bado imo kwenye kumbukumbu mpaka uanzishe R upya.

Mpwa: Kumbe afadhali ingegoma kabisa.

Shangazi: Afadhali sana! Ukisahau kupakia dplyr, `filter` mara nyingi itakupigia kelele. `lag` ndiyo ya kuogopa. Ile ya dplyr husogeza thamani. Ile ya stats, inayokuja na R yenyewe, husogeza tarehe na kuziacha thamani palepale. Utatoa ripoti ukidhani umelinganisha na mwaka jana.

Mpwa: Na mwenzangu kompyuta yake inasema kifurushi hakipo, ilhali juzi alisakinisha vyote.

Shangazi: Kwa kawaida `install.packages` huleta vile vya lazima. Vilivyopendekezwa tu huviacha, na pengo huonekana siku fanksheni inayovihitaji ikiitwa. Linganisheni pia matoleo kwa `sessionInfo()`. Tangu R 4.0.0 ya mwaka 2020, `read.csv` haigeuzi tena maneno kuwa fakta yenyewe, na skripti za zamani zilizotegemea hilo huvunjika. Kwa kazi ya ofisi, tumieni renv. Huandika kila kifurushi na toleo lake.

Mpwa: Nianzie wapi?

Shangazi: Anzisha R upya, endesha skripti kuanzia juu, uhesabu mistari. Isipofika minane, nitumie hiyo `sessionInfo()` yote, si picha ya skrini.