Hati Isiyofuta Deni

Somo la toleo hili lahusu karatasi za namna fulani ambazo mahakama za Marekani, Kanada na Uingereza zimezizoea mno. Ni hati ambazo mdaiwa humpelekea mdai wake akisema kwamba deni halipo, au halikupata kuwapo, au limekwisha kulipwa kwa njia ambayo mdai haijui. Huandikwa kwa maneno mazito ya kisheria, hupigwa mihuri, aghalabu hutiwa sahihi kwa wino mwekundu, na pengine alama ya kidole gumba hubandikwa juu ya stempu ya posta. Hujiita hati za Komon Lo. Wengi wa wanaozipeleka si wezi. Ni watu walioelemewa na madeni ambao wameuziwa tumaini. Kwa sababu hiyo yapasa zisomwe kwa makini kabla ya kuchekwa, na kwa kuwa vielelezo vyake hugawiwa kwa intaneti na simu haina mpaka, si vibaya katibu wa chama akazifahamu kabla hazijafika mezani pake.

Jina hilo la Komon Lo si geni katika Afrika ya Mashariki. Ni sheria iliyojengwa na majaji wa Uingereza, kesi juu ya kesi, kwa karne nyingi. Mahakama za Tanganyika ziliagizwa kuifuata kama ilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920, na zile za Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, pale ambapo sheria iliyotungwa haisemi kitu. Wauzaji wa hati hizi hulitwaa jina hilo na kulipa maana nyingine kabisa. Kwao Komon Lo ni sheria ya asili iliyo juu ya Bunge na mahakama, ambayo mtu akiitangaza kwa maandishi basi hutoka chini ya mamlaka ya serikali, na hawezi kudaiwa ila kwa ridhaa yake ya siku ile. Hakuna jaji aliyepata kuamua hivyo.

Mfano mmoja watosha kuonyesha umbali uliopo kati ya jina na kitu chenyewe. Hati nyingi za namna hii humwambia mdai kwamba asipojibu hoja zote katika muda fulani, mathalani siku 21, kimya chake kitahesabiwa kuwa ni kukubali kwamba deni limefutika. Baada ya muda huo hufuata barua ya pili, kisha ya tatu, na ya mwisho hutangaza kwamba mkataba mpya umekwisha fungika. Sasa Komon Lo ya kweli ilikwisha litolea jambo hilo uamuzi mwaka 1862, katika kesi ya farasi. Mzee aitwaye Felthouse alitaka kumnunua farasi wa mpwa wake, wakapishana kidogo katika bei. Mzee akaandika kwamba atatoa pauni 30 na shilingi 15, na kwamba asiposikia neno zaidi atahesabu farasi ni wake. Kijana hakujibu, walakini alimwambia dalali asimuuze farasi huyo. Dalali akasahau, akamuuza mnadani. Mzee alipomshtaki dalali, mahakama ilisema kwamba farasi hakuwa amepata kuwa mali yake, kwa kuwa mtu hawezi kumfunga mwenziwe kwa kimya cha huyo mwenzi. Ikiwa kimya cha kijana ambaye kweli alitaka kuuza hakikufunga mkataba, seuze kimya cha katibu ambaye hakutaka lolote.

Hoja ya pili ni ya jina. Tarehe 5 Juni 1933 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuondoa katika mikataba masharti ya kulipa deni kwa dhahabu. Hilo ni kweli. Juu ya kweli hiyo ndogo pamejengwa kisa kirefu: kwamba serikali ilipoiacha dhahabu iliwaweka raia wake rehani, kwamba cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto ni hati ya thamani, nacho kimefunguliwa akaunti ya siri, na kwamba jina lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu si la mtu mwenye nyama na damu bali ni la mtu mwingine wa makaratasi, mfano wa sanamu ya nyasi isimamishwayo shambani kufukuza ndege. Deni, wasema, ni la sanamu. Basi mdaiwa huichukua ankara, huandika juu yake kwamba ameikubali kwa thamani yake, na kuirudisha akitazamia kwamba hazina ya serikali itailipa kutoka katika ile akaunti. Wizara ya Fedha ya Marekani imewaonya wananchi mara nyingi kwamba akaunti hizo hazipo, na wako waliofungwa kwa kujaribu kuzitoa fedha. Herufi kubwa katika fomu zina sababu moja tu, nayo ni kwamba husomeka kwa urahisi. Kila katibu aliyewahi kuhangaika na mwandiko wa fomu za uanachama ataelewa.

Hoja ya tatu ni ngumu kidogo, kwa kuwa nusu yake ni kweli, na hapo yafaa kukaa zaidi. Yasemwa kwamba benki haikopeshi fedha yoyote. Huandika tarakimu daftarini tu, kwa hiyo haikutoa kitu na haistahili kulipwa kitu. Chimbuko la hoja hii katika mahakama ni mji mdogo wa Credit River, katika jimbo la Minnesota huko Marekani. Wakili mmoja, Jerome Daly, alikuwa na mkopo wa nyumba wa dola 14,000 hivi kutoka benki ya mji wa Montgomery. Aliposhindwa kulipa na benki ikataka kumtoa, alisimama mbele ya hakimu mdogo wa mji, Martin Mahoney, na raia 12 wa baraza la kuamua, Desemba 1968. Rais wa benki alikiri kwamba fedha ile ilitokea pale ilipoandikwa katika vitabu vya benki. Baraza likampa Daly ushindi. Benki ilipotaka kukata rufani na kulipa ada ya dola 2, Mahoney aliikataa ada hiyo kwa sababu ililetwa kwa noti za kawaida, ambazo yeye hakuzihesabu kuwa fedha halali.

Hadi leo nakala za uamuzi huo husambazwa kana kwamba ni sheria. Wasambazaji hunyamaza juu ya yaliyofuata. Hakimu mdogo wa mji hakuwa na mamlaka ya kuamua shauri la umilikaji wa nyumba wala la kiasi hicho cha fedha, kwa hiyo uamuzi wake ulikuwa batili, na mahakama nyingine hazikuufuata. Daly aliendelea kuishikilia hoja ile mbele ya mahakama za juu, na mwaka 1971 Mahakama Kuu Kabisa ya Minnesota ilimfuta katika orodha ya mawakili.

Walakini yule rais wa benki hakusema uongo. Benki Kuu ya Uingereza yenyewe ilieleza waziwazi katika jarida lake la mwaka 2014 kwamba benki ya biashara ikopeshapo huumba amana mpya katika akaunti ya mkopaji. Kosa liko katika hatua inayofuata. Mkopaji aliitumia amana ile, akampa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akaipokea na kuondoka nayo. Mkopaji amepata nyumba. Tangu hapo swali la fedha ilizaliwaje haliwezi kumwondolea ahadi aliyoitoa. Katika chama cha akiba na mikopo hata ile nusu ya kweli hupungua nguvu, maana mkopo hutoka katika hisa na akiba za wanachama waliotajwa kwa majina katika daftari, na anayesema kwamba chama hakikutoa kitu amesema kwamba jirani yake hakuweka kitu.

Majaji wa Kanada walichoshwa na hati hizi hata mmoja wao, John Rooke wa Mahakama ya jimbo la Alberta, akaamua Septemba 2012 kuzikusanya zote katika hukumu moja ndefu mno, iliyotokana na shauri la talaka. Alizichambua hoja moja moja, jina, mihuri, kimya, akaunti za siri, akaonyesha kwamba hakuna iliyopata kukubaliwa na mahakama. Hukumu yake imefuatwa tangu hapo katika nchi nyingine pia. Kilicho bora katika hukumu hiyo si ukali wake. Jaji aligawanya watu wawili, yule auzaye mafunzo na yule ayanunuaye, na huyu wa pili alimpa maswali ya kumwuliza mwalimu wake: kwa nini wewe mwenye ufunguo wa utajiri u maskini? Kwa nini huendi mahakamani mwenyewe? Ikiwa ulikwenda ukashinda, namba ya shauri ni ipi? Je, utanilipia hasara nikishindwa?

Uingereza nako, mwaka 2015, mamlaka ya kusimamia shughuli za fedha ilitoa onyo juu ya kitu kilichojiita WeRe Bank, ambacho wanachama wake walitia sahihi hati ya ahadi wakapewa vitabu vya hundi vya kulipia madeni. Hundi hizo hazikuwa na kitu nyuma yake. Wenye kudai hawakuzikubali, na deni likabaki pamoja na nyongeza za kuchelewa.

Hasara kubwa ya hati hizi humpata aliyezipeleka, na humpata kwa njia asiyoiona. Mdaiwa ana kinga nyingi za kweli. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo asili yake ni ile ya India ya mwaka 1872, yataka ridhaa iliyo huru. Mtu aliyetiwa sahihi kwa kutishwa au kwa kudanganywa aweza kuukataa mkataba. Aweza kudai aonyeshwe hesabu. Aweza kuomba muda wa kulipa uongezwe. Aweza kuonyesha stakabadhi ambazo hazikuingizwa. Kila moja ya kinga hizo yataka wakati, na miezi inayopotea katika kuandika barua za siku 21 ni miezi ile ile ambayo ingemfaa.

Kuchukua mfano wa hesabu: mwanachama amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya baki la deni, na kila mwezi hurejesha 100,000 za mkopo wenyewe. Mwezi wa kwanza riba ni shilingi 18,000, mwezi wa mwisho ni 1,500, na jumla ya mwaka ni 117,000. Katibu, kwa haraka au kwa kutojua, ameandika 18,000 kila mwezi hadi mwisho, jumla 216,000. Mwanachama amezidishiwa shilingi 99,000. Akileta barua ya ukurasa mmoja yenye tarakimu hizo, kamati haina la kusema ila kurekebisha. Akileta kurasa 14 kwamba herufi kubwa si jina lake, hapana atakayezitazama zile 99,000. Na pengine hata yeye hajaziona.

Hapa ndipo wajibu wa katibu ulipo, nao si mwepesi. Hati ya namna hii ikifika, kosa la kwanza ni kuitupa, na la pili ni kuijibu hoja kwa hoja, kwani mabishano hayo hayana mwisho. Ipokewe, iandikwe katika daftari la barua, iingizwe katika jalada la mkopaji. Kisha katibu aisome akitafuta jambo moja: je, ndani ya maneno haya yote mna lalamiko la kweli? Mara nyingi limo, limejificha katika mstari mmoja. Jibu liwe fupi: chama hakitambui kwamba kimya chake ni ridhaa, deni ni kiasi kadhaa kama taarifa iliyoambatishwa ionyeshavyo, malipo kwa malipo, nakala ya mkataba hii hapa, mwanachama anakaribishwa mbele ya kamati ya mikopo siku fulani. Taarifa hiyo ikaguliwe upya na mtu mwingine kabla haijatoka. Chama ambacho hakiwezi kuitoa taarifa hiyo kwa siku chache kina ugonjwa wake chenyewe, na ni vigumu kumlaumu mwanachama aliyekata tamaa akaenda kutafuta msaada kwa wauza karatasi.

Wadhamini nao wajulishwe mapema. Mkopaji hujiona anapigana na ofisi, ilhali akiba itakayoshikwa baadaye ni ya watu wawili au watatu waliomwekea sahihi, ambao huenda hawajui kwamba kuna barua iliyoandikwa.

Kwa majadiliano ya vikundi: Wanachama watafute katika masharti ya chama chao riba yahesabiwa juu ya nini, kisha wakokotoe upya mkopo mmoja uliokwisha lipwa, kwa idhini ya mwenyewe, waone kama jumla ni sawa na ya daftari. Mwanachama wa kawaida akitaka taarifa ya deni lake leo, ataipata baada ya siku ngapi, na nani ataiweka sahihi? Mdhamini ambaye hakupata kujulishwa kwamba mkopaji ameacha kulipa ana haki gani katika masharti ya chama?