Enjili katika Mizani Nane: Mnyampala na Bahari ya Utenzi

Wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiswahili huingia chuoni wakiwa na dhana kwamba utenzi ni mali ya Uislamu. Dhana hii ina chimbuko lake. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 unasimulia vita vya Waislamu na Warumi, na katika Utendi wa Mwana Kupona wa 1858 mama anamuusia bintiye kwa misingi ya dini hiyo. Je, Mathias Mnyampala (1917–1969), Mkatoliki kutoka Ugogo, mbali na mwambao, alijitwika mzigo gani alipotoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963?

Aghalabu hujibiwa kwamba aliazima umbo akabadilisha maudhui. Jibu hili halitoshi. Utenzi hudai mizani nane katika kila mshororo, vina vinavyofanana katika mishororo mitatu ya kwanza, na kina cha bahari kinachotamatisha kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho. Mkristo anayetunga chini ya sheria hizi hukabiliwa na msamiati wa imani yake kabla ya theolojia yenyewe. "Yohana Mbatizaji" ni mizani nane kamili: jina limeumeza mshororo mzima. "Roho Mtakatifu" ni saba, ikabaki nafasi ya silabi moja tu. "Mwana wa Adamu" ni sita. Mfasiri wa nathari, kama wale wa Biblia ya 1952, huweza kurefusha sentensi hadi maana ikamilike. Mtunzi wa utenzi sharti aamue ni lipi litaachwa ili jina litajwe. Kwa muumini, uamuzi huo unavuka mipaka ya fani, kwa kuwa linaloachwa ni neno la Maandiko.

Hata hivyo, lugha ilikwisha kumfyekea njia. Imani, dhambi, rehema, nabii, malaika: yote yana asili ya Kiarabu, na Waislamu wa pwani waliyatumia kabla ya kuja kwa wamisionari. (Wanaodai kwamba Kiswahili cha kanisani hakidaiwi chochote na Kiarabu yamkini hawajausoma kwa makini hata ukurasa mmoja wa Mathayo.) Ugumu unajitokeza pale kisa kinapoachana na mapokeo yaliyoulea utanzu huu, yaani pale mizani zilizozoea kumsifu Mola asiye na mwana zinapotakiwa kumwimba Mwana aliyesulubiwa. Beti za mateso, basi, ndizo zinazostahili kuchambuliwa kwanza.