Ramadhani, siku ya 12: Siku moja kama nyumbani kwa Mtume ﷺ



Ndugu zangu, hebu leo tujaribu kitu. Jiko tusiliwashe, ila kwa ajili ya watoto na wagonjwa. Magharibi ikiingia, tende na maji, basi.

Mama yetu Aisha (r.a.) alimsimulia Urwa, mtoto wa dada yake, kwamba ilikuwa miezi inaandama mara tatu katika miezi miwili, na moto haujawashwa katika nyumba za Mtume ﷺ. Urwa akamuuliza walikuwa wanaishi kwa nini. Akamjibu: kwa tende na maji.

Wengi wetu tunaishia hapo. Tunasema subhanallah, walivumilia kweli. Lakini hadithi, waliyoipokea Bukhari na Muslim, haijaisha. Bi Aisha akaongeza kuwa Mtume ﷺ alikuwa na majirani Answari wenye wanyama wa kukama, wakimletea maziwa, naye akiwanywesha watu wa nyumbani kwake.

Kumbe siku ile ilikuwa na pande mbili: subira ya mwenye nyumba na mkono wa jirani. Sisi kula tende tatu ni rahisi, tunajua daku ipo. Mtaani kwetu kuna nyumba ambayo tende na maji si jaribio. Ndiyo futari yenyewe.

Kazi ya leo: unga, mafuta na sukari ya futari usiyoipika, usiviweke vya kesho. Mpelekee jirani kabla ya Alasiri, awahi kupika. Na usipige picha.

Allah atutakabalie. Amin.