Uzi Aliyoshonwa Mama

Mama mpenzi, ukilala hospitalini baada ya kupasuliwa ili mtoto atoke, watu wa nyumbani watakuja kukutazama, na pengine mmoja atauliza: "Walikushona kwa uzi gani?" Wako wanaoamini kwamba kidonda kikitoa usaha ni kwa sababu ya uzi mbaya. Kuuliza ni vema. Basi sikiliza jibu.

Daktari hashoni mara moja tu. Hushona mji wa mimba, kisha utando mgumu unaoshika tumbo, na mwisho ngozi. Mji hushonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, maana hakuna atakayeingia tena ndani kuutoa. Zamani uzi huo ulitengenezwa kwa matumbo ya kondoo au ng'ombe. Siku hizi mwingi ni wa kiwandani. Lakini ngozi yaweza kushonwa kwa nailoni, nayo haiyeyuki hata ukingoja mwaka. Kwa hiyo usiondoke pasipo kuuliza: "Uzi wangu ni wa kutolewa, na siku gani?"

Katika mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro, nchi ya Uganda, Mwingereza Robert Felkin alimwona fundi wa kienyeji akimpasua mama mzazi. Fundi alinawa kwa pombe ya ndizi, akaosha na tumbo la mama kwa hiyo. Alipomtoa mtoto aliubana mji kwa mikono, lakini hakuushona. Ngozi aliifunga kwa misumari saba myembamba ya chuma, akaikaza kwa kamba ya gome la mti. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Sisi hatuicheki misumari ile! Huko Ulaya wakati huo wamama wengi waliopasuliwa walikufa, na waganga wengi waliuacha mji wazi vilevile, mpaka Max Sänger wa Ujerumani alipofundisha mwaka 1882 kwamba lazima ushonwe.

Je, uzi upi ni bora? Jaribio moja kubwa lilifanywa katika nchi saba, Kenya na Sudani zikiwamo, kwa wamama zaidi ya 15,000. Sehemu yake moja ililinganisha uzi wa matumbo na uzi wa kiwandani katika kushona mji. Habari zilitangazwa mwaka 2013: kwa maambukizo, kupasuliwa tena na kuongezwa damu, haikuonekana tofauti ya maana. Basi jamaa wasikope pesa kwa ajili ya jina la uzi. La maana ni kwamba uzi utoke katika pakiti isiyofunguliwa bado, mikono na vyombo viwe safi, na mama apewe dawa ya kuzuia vijidudu kabla ya kisu.

Halafu iko kazi yako mwenyewe. Amka utembee kidogo mapema, hata kama inauma. Damu isilale miguuni. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, ukaushe, usitie majivu wala majani. Tena usidanganywe na ngozi. Ngozi hufunga kwa siku chache, lakini ndani bado panaunganika. Mama wa Bukavu anajua kilima cha Kadutu na kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Kwa majuma sita usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako. Baba, maji na makala ni kazi yako majuma hayo, na asikucheke mtu.

Homa ikikushika, kidonda kikinuka au kufunguka, tumbo likizidi kuuma, au damu ikitoka nyingi, rudi siku ileile, usingoje kesho.

Mji ulioshonwa hubaki na kovu, na kovu laweza kupasuka wakati wa uchungu. Ngoja miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine, na usizalie nyumbani. Karatasi ya hospitali inayoeleza jinsi ulivyopasuliwa itunze pamoja na kadi ya mtoto, uionyeshe siku ya kwanza ya kupimwa mimba ijayo.