Aspirini na Brufeni: Kwa Nini Damu Hukawia Kuganda

SWALI: Msomaji wa Salama, Kaunti ya Makueni, anauliza kama kuna hatari kwa mzazi wake, aliyeandikiwa aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo, kumeza pia brufeni anayonunua dukani kwa maumivu ya magoti, na kama dawa hizo ndizo zinazofanya jeraha dogo la shambani litoe damu kwa muda mrefu.

JIBU: Hatari ipo, na dawa hizo zinaweza kabisa kuchelewesha damu kuganda. Aspirini na brufeni, pamoja na diklofenaki na indomethasini, ni za jamii moja ya dawa za kutuliza maumivu na uvimbe. Mwaka 1971 mtafiti Mwingereza John Vane alionyesha kwamba dawa hizi huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, yaani kemikali zinazotolewa na mwili palipoumia na kuleta maumivu, joto na uvimbe, na kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982. Kimeng'enya hicho, hata hivyo, hakiko magotini tu. Kimo pia katika damu, tumboni na katika figo.

Damu ina chembe sahani, ambazo ni vipande vidogo vya seli visivyo na kiini, na mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita moja ya damu. Mshipa unapokatika, chembe hizo hukusanyika na kutoa thromboksani, kemikali inayozifanya chembe nyingine zishikamane nazo na wakati huohuo kuufanya mshipa usinyae ili damu isiendelee kupotea. Ukuta wa mshipa nao hutoa prostasiklini, ambayo hufanya kinyume, kwa kuwa huutanua mshipa na kuzuia chembe zisigandamane pasipo na jeraha.

Aspirini hukiharibu kimeng'enya cha chembe sahani kabisa, na kwa kuwa chembe hiyo haina kiini cha kuiwezesha kutengeneza kingine, hubaki hivyo hadi mwisho wa maisha yake, yaani siku 7 hadi 10. Seli za ukuta wa mshipa, kwa upande wao, zina kiini na hutengeneza kimeng'enya kipya baada ya saa chache, na ndiyo maana dozi ndogo ya miligramu 75 hadi 100 kwa siku hupunguza thromboksani bila kumaliza prostasiklini. Brufeni hukizuia kimeng'enya kwa muda tu, na kwa kawaida chembe hurudia kazi yake ndani ya siku moja. Hapo ndipo penye hatari ambayo wauzaji wengi wa dawa hawaitaji: brufeni ikitangulia, hukalia nafasi ambayo aspirini ingeishika, kisha aspirini hutoka mwilini bila kufanya kazi na moyo hukosa kinga. Aidha, zikitumiwa pamoja, uwezekano wa vidonda vya tumbo kuvuja damu huongezeka.

Mishipa nayo huathirika. Prostaglandini husaidia kutanua mshipa mdogo unaoingiza damu katika kila kichujio cha figo, hasa mwili unapopungukiwa na maji, hali isiyo ngeni kwa anayelima katika jua la Ukambani. Dawa ikiziondoa, mshipa hubana, figo hupata damu kidogo, chumvi na maji hubaki mwilini, na presha hupanda. Dawa ya rofecoxib, iliyopunguza prostasiklini huku ikiiacha thromboksani karibu ilivyo, iliondolewa sokoni duniani mwaka 2004 baada ya kuonekana kwamba iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Diklofenaki, inayonunuliwa kwa wepisi mno, ina hatari inayokaribiana na hiyo kwa mgonjwa wa moyo.

Salama iko kwenye barabara kuu ya Mombasa, mji ambao umekumbwa na milipuko ya homa ya dengi, ugonjwa unaopunguza chembe sahani. Kwa hiyo msafiri anayerudi kutoka pwani akiwa na homa asimeze brufeni wala aspirini ya maumivu kabla ya kupimwa. Vivyo hivyo kwa aliyeumwa na kifutu, kwa sababu sumu ya nyoka huyo yaweza kuvuruga kuganda kwa damu.

Mzazi wa msomaji asiiache aspirini ya moyo bila idhini ya daktari, kwani kuiacha ghafla kunaweza kuleta mgando wa damu. Brufeni aiache, na kwa magoti atumie paracetamoli kwa kipimo alichoelekezwa, huku akisoma vibandiko, kwa maana baadhi ya vidonge vya maumivu ya kichwa vimechanganywa aspirini na paracetamoli. Akiona kinyesi cheusi chenye kunata kama lami, au akitapika damu, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.