Asili ya Neno Alkoholi

Neno alkoholi, ambalo matabibu na wauza dawa hulitumia kwa ile spiriti ya kusafishia ngozi kabla ya sindano, Waingereza walilipata katika Kilatini, na Kilatini kililipata katika Kiarabu. Asili yake ni al-kuhl, yaani wanja. Ile "al" ya mbele ni alifu na lamu ya kujulisha, imeganda nalo kama ilivyoganda katika neno aljebra.

Huenda mtu akastaajabu: wanja ni unga mkavu, na spiriti ni maji, vipi vikashirikiana jina? Jawabu ni kwamba wanja wa manga hupatikana kwa kusaga jiwe la ithmid mpaka liwe laini kabisa. Wazungu walipolipokea neno wakakitazama kile kitendo, wakauita kila unga uliosagwa sana kwa jina hilo. Kisha wakapita mbele zaidi, wakalitumia kwa kiini cha kitu kilichokwisha kutolewa taka zake. Paracelsus, tabibu wa Uswisi aliyekufa mwaka 1541, akaiita spiriti itokayo katika mvuke wa mvinyo "alkoholi ya mvinyo". Baadaye mvinyo ukaachwa, likabaki neno la kwanza peke yake. Nalo likarejea kwa Waarabu kama mgeni, wakalitamka kuhul.

Wako wasemao kuwa asili yake ni ghaul, neno lililotajwa katika Sura As-Saffat, aya ya 47, katika sifa za kinywaji cha Peponi. Kauli hii yapendeza masikioni, lakini ni dhaifu. Lau neno lingetoka huko, lingeanza kwa maana ya ulevi. Nalo katika vitabu vya Kizungu lilianza kwa maana ya unga, na hapana Mwarabu auitaye unga ghaul.

Basi haifai kuuogopa wanja kwa ajili ya jina, kwani hauna kilevi ndani yake. Wala kuitetea pombe kwa kuwa jina lake limetoka katika kitu kilicho Sunna, kwani hukumu hufuata kitu, haifuati jina. La kuhadhari katika wanja ni jingine kabisa: baadhi ya wanja uuzwao madukani hausagwi kwa ithmid, bali kwa jiwe lenye madini ya risasi, nayo ni sumu, na mtoto mchanga apakwaye huo machoni hupangusa kwa mkono, kisha mkono akautia kinywani.