Mtini, Kondoa na Busara ya Kurudi Kuangalia



Katika Luka 13 kuna mwenye shamba aliyetafuta matunda kwenye mtini wake miaka mitatu bila kupata kitu. Akaamua ukatwe. Mtunza shamba akamsihi aupe mwaka mmoja zaidi: atalima kuuzunguka, atatia mbolea, kisha wataona. Hapo huwa tunahubiri huruma, na ni sawa kabisa. Lakini mimi frateri niliyepitia falsafa naona na jambo lingine. Yule mtunza hakuomba muda tu. Alibadili namna ya kuuhudumia, akakubali kazi yake ipimwe.

Wataalamu wa misitu hufanya hivyo hivyo: unapanga, unatenda, unaangalia matokeo, unarekebisha.

Hapa Makole hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Tupande tu kaskazini hadi Kondoa, mkoani kwetu. Milima ya kule ilikuwa imechimbwa na makorongo. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden. Walichimba matuta ya kukinga maji, wakapanda miti. Mmomonyoko ukaendelea, maana mifugo ilikuwa bado inakula kila kinachochipua. Basi mwaka 1979 serikali ikaondoa mifugo karibu 90,000 katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nyasi zikarudi, miti ikachipua yenyewe.

Ushindi? Kwa ardhi, ndiyo. Lakini jamani, kuna familia zilizobaki bila maziwa, bila mbolea, bila ng'ombe wa mahari. Kilio chao nacho kilikuwa matokeo ya kupimwa, sawa na majani. Mwaka 1989 utaratibu ukarekebishwa tena: ng'ombe wa maziwa wakaruhusiwa, ila wafugwe bandani na kukatiwa majani.

Mt. Tomaso wa Akwino anaweka kumbukumbu na utayari wa kufundishwa ndani ya fadhila ya busara. Kwa hiyo kubadili mpango baada ya kuona matokeo si kuyumba. Kung'ang'ania mpango kwa sababu tu ni wetu, hicho ni kiburi. Na anayetufundisha si mtaalamu peke yake. Ni pia yule anayelipa gharama ya mpango wetu.

Sasa kwetu VIWAWA. Mvua zikija Desemba tunapanda miche, tunapiga picha, tunaimba. Safi sana! Tuongeze jambo moja: mwezi wa nane turudi na daftari. Mingapi imepona? Ipi imekauka, ipi imeliwa na mbuzi? Tumuulize mama mwenye mbuzi awalishe wapi, kabla ya kumlaumu. Halafu msimu unaofuata tupande tofauti, hata kama ni michache.

Tutafakari wiki hii: ni jambo gani jema nililolianza na sijawahi kurudi kuliangalia? Na ni nani anayeumia nalo ambaye sijamsikiliza?

Mungu awabariki.